Tamko Kuhusu Wajibu wa Wabunge Mbele ya Makundi ya Imani Potovu

Malindi, Kaunti ya Kilifi, 18 Novemba 2025

Kwa wabunge na maseneta wa Jamhuri ya Kenya, wawakilishi wadi wa kaunti za Pwani, viongozi wa dini zote na wananchi wote

Utangulizi

Sisi, wanachama wa chama cha familia ambazo jamaa zao waliingia katika makundi ya kidini wakapotelea humo, au wakarudi wakiwa hoi, tumeichagua siku ya leo kwa makusudi. Tarehe 18 Novemba 1978, Leo Ryan, mbunge wa California katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliuawa kwa risasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Port Kaituma, nchini Guyana. Alikuwa ametoka Jonestown, makazi ya msituni ya mchungaji Jim Jones na kanisa lake la Peoples Temple, na alikuwa akiondoka na watu waliomwomba awatoe. Saa chache baadaye watu 909 walikufa Jonestown, wengi wao kwa sumu ya sianidi iliyochanganywa na kinywaji cha matunda. Karibu theluthi moja walikuwa watoto.

Wapo watakaouliza Guyana inawahusu nini watu wa Kilifi. Inatuhusu kwa sababu ya Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu huo, na mwaka huu wa 2025 makaburi mengine yamefunguliwa Kwa Binzaro, katika eneo lile lile la Chakama. Kati ya Jonestown na Shakahola ipo miaka 45 na bahari nzima, lakini jamaa wa waliokufa pande zote mbili walipitia njia moja: walilalamika mapema, wakaambiwa wasubiri.

Tamko hili lina jambo moja la kusema. Mtu aliyefungwa na kundi la namna hiyo hasemi ukweli mpaka aone njia ya kutoka, na kazi ya mbunge ni kuifungua njia hiyo mapema, kwa mujibu wa sheria, kabla haijabaki kazi ya majembe.

1. Mbunge aliyezoea kwenda kujionea

Leo Ryan alizaliwa mwaka 1925 Lincoln, Nebraska, akawa mwalimu wa shule ya sekondari huko California. Mwaka 1961 aliwasindikiza wanafunzi wa bendi ya shule kwenda Washington kwenye sherehe za kuapishwa kwa Rais John Kennedy, na safari hiyo ikamtia hamu ya siasa za ngazi ya juu. Alikuwa diwani wa South San Francisco, kisha meya, na tangu mwisho wa 1962 akawa mbunge wa jimbo la California kwa miaka kumi. Januari 1973 aliingia katika Bunge la Marekani.

Tunayataja haya kwa sababu ya tabia moja aliyokuwa nayo tangu awali. Mtaa wa Watts, Los Angeles, ulipowaka kwa ghasia mwaka 1965, Ryan alikwenda kufundisha huko kama mwalimu wa muda ili aone maisha ya watoto wa mtaa ule. Mwaka 1970, akiwa mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mageuzi ya magereza, alijifanya mfungwa kwa jina la bandia akalala katika seli za gereza la Folsom. Bungeni Washington, jina lake lilibaki katika marekebisho ya sheria ya mwaka 1974 yaitwayo Hughes-Ryan, yaliyodai kwamba rais aidhinishe operesheni za siri za shirika la ujasusi la CIA na kwamba kamati za Bunge ziarifiwe.

Gereza, shirika la kijasusi na kanisa la msituni ni vitu tofauti kabisa, lakini vyote vina mlango ambao wa nje hawaruhusiwi kuupita. Ryan hakukubali kuridhishwa na majibu ya bawabu.

2. Malalamiko ya familia ndiyo yaliyomwamsha

Ryan hakuanza na chuki dhidi ya dini ya mtu. Alianza na baba aliyefiwa. Rafiki yake mmoja, mpiga picha wa shirika la habari la AP, alikuwa na mwana aliyekuwa mfuasi wa Peoples Temple, kijana ambaye Ryan mwenyewe alipata kumfundisha. Oktoba 1976 kijana huyo alikutwa amekufa kando ya reli. Baba yake hakuamini kwamba ilikuwa ajali. Baadaye jamaa wengine walijitokeza, wakaunda umoja wao, na Aprili 1978 wakatoa waraka wa mashtaka wakidai kwamba ndugu zao walikuwa wakizuiwa Guyana, barua zao zikikaguliwa na hati zao za kusafiria zikishikiliwa. Juni mwaka huo, Deborah Layton, aliyekuwa mtu wa karibu wa Jones na ambaye alitoroka Mei, aliapa katika hati ya kiapo kwamba wakazi wa Jonestown walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya kufa pamoja.

Kwa hiyo taarifa zilikuwepo miezi mitano kabla. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kilichokosekana ni ofisi ya kuzipokea taarifa hizo na kuzifanyia kazi.

Tunataka wabunge wetu waelewe pia kwa nini Jones aliaminiwa muda mrefu hivyo. Wafuasi wake walikuwa wengi na wenye nidhamu, wakipelekwa kwenye mikutano ya kampeni kwa mabasi. Wanasiasa wa San Francisco walimpenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1976 aliteuliwa kuingia katika mamlaka ya nyumba ya jiji, akawa mwenyekiti wake. Alijikusanyia barua za sifa kutoka kwa wakubwa, na alipohamia Guyana barua hizo zilimtangulia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia sumu, na waliomsifu walikuwa watu waliochaguliwa na wananchi.

3. Siku mbili za Jonestown

Maafisa wa ubalozi wa Marekani walikuwa wamekwisha kufika Jonestown kabla ya Ryan, zaidi ya mara moja. Waliwaita wakazi pembeni, wakawauliza kama wanazuiliwa, na wakajibiwa kwamba mambo ni shwari. Waliotoroka walieleza baadaye kwamba wakazi walikaririshwa majibu kabla wageni hawajafika. Mtu aliyejua kwamba mgeni ataondoka jioni na yeye atabaki mikononi mwa walinzi wale wale, alisema alichofundishwa kusema.

Ryan alifika Novemba 17 akiwa na wasaidizi wake, waandishi wa habari na baadhi ya jamaa. Wabunge wenzake aliowaalika hawakufuatana naye. Usiku ule palikuwa na muziki, chakula na makofi, na yeye mwenyewe alisimama akasema hadharani kwamba wapo aliozungumza nao waliokuwa na furaha na maisha yao pale. Kisha mkazi mmoja akamsogezea mwandishi wa televisheni kikaratasi cha kuomba msaada wa kutoka. Asubuhi wengine wakajitokeza. Ilipofika mchana walikuwa zaidi ya kumi, na ndege iliyokuwepo haikuwatosha, ikabidi ya pili iagizwe.

Hapo pana funzo ambalo chama chetu kinataka lisomwe kwa makini. Maswali ya Ryan hayakutofautiana sana na maswali ya maafisa wa ubalozi. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na lori, palikuwa na ndege, palikuwa na mtu mwenye cheo aliyesema wazi kwamba anayetaka kuondoka ataondoka naye. Midomo ilifunguka ilipoonekana njia.

Njia yenyewe, hata hivyo, haikulindwa. Kabla hawajaondoka, mfuasi mmoja alimrukia Ryan kwa kisu. Walipofika Port Kaituma, watu wenye bunduki waliwafuata kwa trekta, wakaua watano: Ryan, waandishi watatu, na mama mmoja aliyekuwa akitoroka na familia yake. Msaidizi wake, Jackie Speier, alipigwa risasi tano, akalala kwenye kiwanja kile usiku kucha akingoja msaada. Alipona, na mwaka 2008 akachaguliwa kuingia Bunge lile lile, akakaa humo hadi Januari 2023. Ryan alitunukiwa medali ya dhahabu ya Bunge baada ya kufa kwake.

Wapo wanaosema kwamba Ryan aliuchokoza moto, na kwamba asingekwenda watu wale wangekuwa hai. Hatukubaliani nao. Mazoezi ya kufa yalikuwa yakifanyika kabla hajakata tiketi. Lakini tunakubali kwamba mbunge mmoja, mwenye wasaidizi wachache, bila ulinzi, na akiamini kwamba cheo chake ni ngao, alibebeshwa mzigo uliopaswa kubebwa na serikali mbili. Hatumwombi mbunge yeyote wa Kenya afe kishujaa. Tunaomba taasisi zifanye kazi ili pasihitajike shujaa.

4. Yaliyotokea kwetu

Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeongoza kanisa la Good News International mjini Malindi, alikamatwa na kuachiliwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023. Mafundisho yake ya kupinga shule na hospitali hayakuwa siri. Mwaka 2019 alifunga kanisa, na wafuasi wakahamia msituni Shakahola, katika ardhi ya ekari mia kadhaa iliyogawanywa kuwa vijiji vyenye majina ya Biblia. Machi 2023 alifikishwa mahakamani kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata ndipo makaburi yakaanza kufukuliwa. Mackenzie amekana mashtaka yanayomkabili, na tamko hili haliingilii kazi ya mahakama.

Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Seneta Danson Mungatana wa Tana River, na Oktoba 2023 kamati hiyo ikaeleza jinsi vyombo vya usalama na vya sheria vilivyopuuza dalili. Rais aliunda jopokazi lililoongozwa na Mutava Musyimi. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ilitoa ripoti yake, ikinyoosha kidole kwa uzembe wa maafisa. Tunaheshimu kazi hiyo yote. Lakini tunasema bila kuficha kwamba ripoti zote hizo ziliandikwa baada ya makaburi. Wanachama wetu walibisha hodi kwa chifu, kwenye kituo cha polisi na katika ofisi ya kiongozi waliyempigia kura wakati jamaa zao wangali hai. Waliambiwa kwamba mtu mzima ana uhuru wa kuabudu.

Kuna jeraha jingine. Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola wakiwa wamekonda, na waliokataa kula, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua. Watu waliofundishwa kwamba dunia ya nje ni adui walipokelewa na dunia hiyo kizimbani. Na familia zilizotoa sampuli za vinasaba zilingoja karibu mwaka mzima: miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa jamaa Machi 2024 tu.

5. Mpaka kati ya imani na jinai

Tunajua hofu ya viongozi wa dini. Mswada wa kusimamia mashirika ya kidini uliofuata Shakahola ulipingwa na makanisa mengi, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Ibara ya 32 ya Katiba inamlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake, na sisi wenyewe ni Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Serikali ikipewa kalamu ya kuandika dini ipi ni ya kweli, leo itamfuta mhubiri wa msituni, na kesho itamfuta shehe au mchungaji aliyeikosoa.

Ufaransa inatupa mfano wa pande zote mbili. Mwaka 1995 kamati ya Bunge lake ilichapisha orodha ya makundi zaidi ya 170 iliyoyaita hatari. Orodha hiyo iliwabandika watu chapa bila kesi wala rufaa, na mwaka 2005 waziri mkuu aliwaelekeza maafisa waache kuitegemea. Lakini Juni 2001 mbunge Catherine Picard na seneta Nicolas About walipitisha sheria iliyochukua njia nyingine: inaadhibu kitendo cha kutumia vibaya udhaifu wa mtu hadi akafanya jambo la kumdhuru, na inaruhusu mahakama kulivunja shirika ambalo limekwisha kutiwa hatiani. Picard alipotoka bungeni aliongoza muungano wa kitaifa wa vyama vya familia kama chetu. Sheria hiyo nayo ina wakosoaji wake, lakini imesimama mahali ambapo orodha ilianguka, kwa kuwa swali lake ni mtu ametendewa nini, wala haimuulizi anaamini nini.

Tunaonya pia upande wetu. Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 ilishuhudia jamaa wakikodi watu wa kuwateka waumini watu wazima na kuwafungia ili "kuwarudisha akili". Huo ulikuwa ukatili juu ya ukatili. Chama hiki hakitamteka mtu yeyote, na mwanachama atakayefanya hivyo atakuwa amejitoa mwenyewe.

Kwa watoto, hata hivyo, hatuna la kujadili. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, lishe, makazi na matibabu, na kulindwa dhidi ya mateso na mila zenye madhara. Mtoto hafungi saumu ya kufa kwa hiari yake. Mzazi anaweza kumpa mwanawe dini yake, lakini hana mamlaka ya kumnyima chakula kwa jina la dini hiyo.

6. Tunatamka na kudai

Kwa kuwa familia ndizo huona dalili kwanza. Kwa kuwa aliye ndani hawezi kusema kabla ya kuona njia ya kutoka. Na kwa kuwa Katiba inalinda imani na uhai kwa pamoja, tunatamka yafuatayo:

Kwanza, kila mbunge, seneta na mwakilishi wadi aweke katika ofisi yake daftari la malalamiko ya familia kuhusu jamaa waliozuiliwa au waliotoweka katika kundi la kidini, na mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Tutaitumia, na tutahesabu majibu.

Pili, lalamiko linapogusa watoto, chakula au matibabu, mbunge afike mahali penyewe pamoja na afisa wa watoto, mhudumu wa afya na polisi, bila kumtumia taarifa kiongozi wa kundi. Mahojiano yafanyike nje ya eneo la kundi, na anayesema anataka kutoka aondoke saa hiyo hiyo. Gari liwe limekwisha kufika kabla swali halijaulizwa.

Tatu, serikali ya kitaifa na za kaunti zitenge nyumba za hifadhi kwa wanaotoka, zenye chakula, daktari, mshauri wa nafsi na msaada wa kisheria. Wengi waliuza mashamba na nyumba kabla ya kuingia. Anayetoka bila pa kulala atarudi alikotoka.

Nne, aliyeokolewa ashughulikiwe kama mgonjwa na shahidi, asifikishwe kizimbani kwa sababu ya njaa aliyofundishwa.

Tano, Bunge litunge sheria inayotaja vitendo: kumnyima mtu chakula au tiba, kumzuilia, kumpokonya hati na mali, kumtenga mtoto na shule. Pasiwe na orodha ya madhehebu, na pasiwe na afisa wa kupima mahubiri.

Sita, wanasiasa waache kutumia madhabahu kama jukwaa la kampeni, na wahubiri waache kuuza waumini wao kwa bahasha. Tunalipongeza Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, ambalo Novemba 2024 lilirudisha fedha zilizotolewa na wanasiasa kanisani. Mbunge aliyekula meza moja na mhubiri hatakuwa na uso wa kumkagua.

Saba, viongozi wa dini wenyewe, kupitia mabaraza yao, watoe taarifa wanapojua kwamba mwenzao anawanyima watu chakula au dawa. Waliotujibu kwamba hayo ni mambo ya kanisa jingine, wajue kwamba watoto waliozikwa hawakuwa wa kanisa jingine. Walikuwa majirani zao.

Hitimisho

Tunatambua kwamba wapo maafisa, wahudumu wa kujitolea, wachunguzi wa maiti na wanahabari wa Pwani waliofanya kazi ya kuvunja moyo katika msitu ule. Tunawashukuru. Tunatambua pia kwamba bado zipo familia zisizojua mpendwa wao amelala wapi, na kwao tunaahidi kwamba hatutaacha kudai ukamilishaji wa vipimo vya vinasaba na mazishi ya heshima.

Nakala za tamko hili zitapelekwa kwa karani wa Seneti, karani wa Bunge la Taifa na mabunge ya kaunti za Pwani. Baada ya miezi sita tutakutana tena hapa Malindi, tutangaze hadharani ni kiongozi gani amefungua daftari, ni nani amefika alikoitwa, na ni nani hajajibu. Orodha hiyo tutaisoma katika mabaraza ya vijiji kabla ya uchaguzi wa mwaka 2027, ili kila mpiga kura ajue ni nani alimfungulia mlango na ni nani alimwambia asubiri.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.